John Browning, mutoto wa fundi mwenye alifia kazini Liège

Wandugu wasomaji, wiki hii tunawaletea maisha ya mutu mwenye jina lake linajulikana kwetu kuliko sura yake. Mwenye kusoma vitabu vya zamani vya Kifaransa anajua ya kwamba kusema « browning » ni kusema bastola, sawa vile kwetu kila kalamu ni biki. Na wazee wetu wenye walitumika katika Force Publique walikuwa wanaona kwenye chuma cha bunduki zao zile herufi mbili, FN, za kiwanda cha Herstal karibu na Liège, kule Ubelgiji. Kile kiwanda, jina lake kubwa lililipata juu ya Mumarekani mumoja, mutu murefu, mwenye kipara, wa maneno kidogo: John Moses Browning.

Hatumuelezi juu tunapenda vita. Nchi yetu imeona bunduki za kutosha. Tunamueleza juu alikuwa fundi, na juu maisha yake yanaacha swali lenye kila fundi anaweza kujiuliza mbele ya kazi yenye amemaliza.

Atelie ya baba

Alizaliwa tarehe 23 mwezi wa kwanza mwaka wa 1855 katika muji wa Ogden, Utah, magharibi ya Marekani. Wakati ule Utah haikuwa bado jimbo kamili. Ilikuwa fasi ya milima na mashamba mapya, yenye Wamormoni walifungua kisha kufukuzwa fasi zingine. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa mumoja wao. Alikuwa na wake watatu na watoto 22, na ile jamaa yote aliilisha kwa mikono yake ya fundi wa bunduki.

Muzee Jonathan hakuwa fundi wa kawaida. Mbele ya kufika Utah alikuwa amekwisha kuvumbua bunduki yenye kupiga mara tano bila kujazwa upya. Aliweka upande kwa upande chuma kirefu chenye matundu matano, kila tundu na baruti na risasi yake, na mupigaji alikisukuma kidogo-kidogo kisha kila pigo, sawa mutu mwenye kupiga armonika. Ni kusema, yule mutoto alizaliwa katika nyumba yenye watu walikuwa wanaulizana namna gani bunduki inaweza kufanya kazi yake vizuri zaidi.

Katika kona ya atelie kulikuwa na chungu ya vyuma vya zamani: mitutu yenye kupinda, resori zenye kuchoka, vitako vyenye kupasuka. Ile chungu ilikuwa shule ya John. Jamaa yake inaeleza ya kwamba alijua majina ya vyuma vya bunduki mbele ya kujua kusoma.

Inaelezwa tena ya kwamba alipokuwa na karibu miaka kumi, siku moja baba hakuwa pale, akachukua mututu wa gobore moja lenye kuharibika, akachonga ubao kwa shoka, akafunga vyote viwili kwa waya. Kitu cha kuwasha baruti hakikuwa. Basi mudogo wake Matt akabeba makaa ya moto ndani ya mukebe. Wakaenda katika majani, John akalenga, Matt akawasha, na kishindo kikamutupa John chini. Lakini ndege walikuwa wamekufa.

Kesho yake asubuhi baba alikula wale ndege, kisha akaomba kuona ile bunduki. Hakumupiga wala hakumusifu. Aliigeuza mikononi, akamuuliza kama mutoto wa miaka kumi hawezi kutengeneza kitu kizuri kuliko kile. John akaenda kufungua waya zote, akaharibu kazi yake mwenyewe. Lile swali la baba halikumutoka tena.

Kisha pale akawa mutengenezaji. Watu walikuwa wanaleta bunduki zenye zilianguka, zenye ziliingia maji, zenye zilipasuka. Kijana alizifungua vise kwa vise, akasafisha kutu, akafua kipande kipya kwa fasi ya kile chenye kilivunjika. Mwenye kufanya ile kazi kwa miaka anajua kitu chenye mwenye kuchora kwa karatasi hajui: ni resori gani inachoka ya kwanza, muchanga unaingilia wapi, ni chuma gani kilifanywa chembamba kuliko kazi yake. Bunduki yenye kuharibika inaonyesha fasi yenye inaumia. Pale ndipo Browning alijifunza sheria yenye alifuata mupaka kufa: vyuma vichache, vyenye nguvu, vyenye mutu anaweza kufungua na kufunga bila shida.

Wandugu wa Ogden

Katika mwaka wa 1878 alikuwa na miaka 23. Alikuwa amechoka kutengeneza makosa ya watu wengine, akaanza bunduki yake mwenyewe, ya kupiga risasi moja-moja. Nyuma ya risasi aliweka kipande kinene cha chuma chenye kinashuka kwa kufungua na kupanda kwa kufunga. Alikuwa na tupa, nyundo, moto wa kufulia na mashini ya kuzungusha chuma yenye kusukumwa kwa muguu.

Mwaka wa 1879 ulimuletea furaha na kilio. Mwezi wa ine alioa Rachel Child. Mwezi wa tano aliomba breveti, ni kusema karatasi ya serkali yenye kulinda kazi ya muvumbuzi. Mwezi wa sita baba yake alikufa. Ile breveti ilitoka tarehe 7 mwezi wa kumi. Muzee aliona bunduki ya mwanawe, lakini ile karatasi hakuiona.

John na wandugu zake wakajenga kiwanda kidogo. Hata mumoja kati yao hakuwa amekwisha kutumika katika kiwanda. Fundi mumoja Mwingereza, Frank Rushton, ndiye aliwasaidia kupanga mashini na kuwaonyesha namna ya kutumika nazo. Katika miaka michache walitosha karibu bunduki 600, na kila moja ilipata munnunuzi.

Bunduki moja ikafika mikononi mwa watu wa Winchester, kampuni kubwa ya mashariki ya Marekani. Katika mwaka wa 1883 mukubwa wao, T. G. Bennett, akapanda gari la moshi na kuvuka nchi nzima kwa kuona ile kiwanda yenye kumutisha. Alikuta vijana wenye mikono ya mafuta katika nyumba ndogo. Akanunua haki ya ile bunduki kwa dola 8.000, na katika 1885 Winchester ikaanza kuiuza.

Kuanzia pale, kwa karibu miaka 20, Browning alivumbua na Winchester ikalipa. Alitosha bunduki za 1886, za 1892, za 1894, na ya kuwinda ndege ya 1897. Ile ya 1894 peke yake ilitengenezwa zaidi ya milioni saba. Lakini juu ya chuma jina lilikuwa Winchester. Mingi ya kazi zake kampuni ilinunua tu kwa kuziweka katika sanduku, juu washindani wasizipate. Browning alipata feza, lakini jina lake halikutoka katika Ogden.

Bunduki yake moja ya mwaka wa 1895 ilifika karibu na kwetu. Theodore Roosevelt, kisha kuacha kiti cha urais wa Marekani, alikuja kuwinda Afrika katika 1909 na 1910, na ile Winchester ilikuwa kati ya bunduki zenye alibeba. Safari yake ilipita Kenya na Uganda, na ikafika Lado kwenye muto Nile, fasi yenye ilikuwa bado chini ya Wabelgiji wa Kongo.

Majani yenye yaliinama

Tusifikiri ya kwamba yule mutu alikuwa anakaa tu mbele ya eto akibana chuma. Alipenda kupiga shabaha. Katika Ogden alikuwa katika kikundi cha watu wane wenye walishindana kupiga ndege na shabaha za kurushwa, yeye, mudogo wake Matt na marafiki wawili, wote majina yao yakianza kwa B. Kilikuwa kikundi chenye kuogopwa. Na kupiga kulimufundisha sawa vile kutengeneza kulimufundisha: bunduki yenye ni nzuri mezani lakini inachelewa begani, hakuiheshimu.

Kutoka 1887 mupaka 1889 kanisa lake lilimutuma kuhubiri katika jimbo la Georgia. Miaka miwili hakugusa tupa. Aliporudi, kazi ikatoka mikononi mwake sawa maji yenye kufungiwa.

Siku moja ya 1889 alikuwa na marafiki fasi ya kupiga shabaha. Mumoja akapiga, na Browning akaona majani mbele ya mututu yakiinama, kuko upepo mukali wenye ulitoka pamoja na risasi. Wote walikuwa wameona ile kitu maisha yao yote. Yeye akajiuliza juu ya nini ile nguvu inapotea bule. Akarudi nyumbani. Kesho yake akaweka mbele ya mututu kipande cha chuma chenye tundu la kupitisha risasi, akapiga, na upepo ukatupa kile chuma mbali. Sasa alijua: kama upepo unaweza kutupa chuma, unaweza pia kufungua bunduki, kutosha ganda na kuingiza risasi nyingine bila mukono wa mutu.

Kwa yale majani kukatoka mitrayezi yenye kampuni ya Colt ilianza kuuza katika 1895. Mutoto wa ndege na waya akawa mutu mwenye majeshi walitafuta.

Namna yake ya kutumika iliwashangaza wenye masomo makubwa. Mara mingi hakuanza kwa michoro ya kupimwa. Alibeba bunduki nzima katika kichwa, akachora kidogo tu kwa karatasi, akakata mifano katika chuma, na mudogo wake Ed, fundi mwenye mikono ya ajabu, akaifanya vipande vya kweli. Wakajaribu, wakapunguza, wakajaribu tena.

Njia ya Liège

FN ilikuwa imeanzishwa katika 1889 juu ya kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser. Zile zilipokwisha, kiwanda kikabaki na mashini mingi na kazi kidogo. Katika 1897 mujumbe wake alienda Marekani kutafuta kitu cha kutengeneza, akakuta bastola ndogo ya Browning. Wakapatana. Kutoka 1899 mashini za Herstal zikaanza kuzunguka tena.

Katika 1902 Browning akagombana na Winchester. Alikuwa amevumbua bunduki ya kuwinda, kalibre 12, yenye kujijaza peke yake mara tano. Alijua ni kazi yake kubwa. Akaomba kulipwa kwa kila bunduki yenye itauzwa, si mara moja tu. Winchester ikakataa. Akaenda kwa Remington, akakaa akingojea kuonana na mukubwa wa ile kampuni. Wakamuletea habari ya kwamba yule mukubwa amekufa kwa roho, ile siku yenyewe, tarehe 8 mwezi wa kwanza.

Basi Browning akabeba bunduki yake, akapanda meli kwenda Ubelgiji. Tarehe 24 mwezi wa tatu alitia mukono na FN, na yeye mwenyewe akaagiza bunduki 10.000 za kuuza kwao. Ile bunduki ilidumu kutengenezwa karibu miaka mia moja.

Liège ukawa muji wake wa pili. Alijifunza Kifaransa kidogo. Wafanyakazi wa Herstal, wenye nao walizaliwa katika tupa na nyundo, wakamuita Maître, na ile heshima hawakuitoa kwa kila mugeni. Walikuwa wameona ya kwamba yule patro anakuja na mikono michafu sawa yao.

Mwaka wa 1914

Tarehe 31 mwezi wa kwanza mwaka wa 1914, FN ilifanya sikukuu kubwa: bastola za Browning zilikuwa zimefika milioni moja. Mufalme wa Ubelgiji akamupa Browning nishani ya Léopold. Fundi wa Ogden akavaa nishani kifuani.

Miezi mitano kisha pale, tarehe 28 mwezi wa sita, kijana Gavrilo Princip alimuua mwana mufalme wa Austria katika muji wa Sarajevo. Bastola yenye alishika ilikuwa Browning ya mwaka wa 1910. Ilitengenezwa Herstal.

Hatusemi ya kwamba bastola moja ilileta vita. Wafalme walikuwa wamejaza baruti katika nyumba zao tangu zamani, ilibaki mutu wa kutupa kiberiti. Lakini tuangalie njia ya kile chuma. Kilitoka Liège. Na tarehe 4 mwezi wa nane Wajerumani waliingia Ubelgiji, na muji wa kwanza kushambuliwa kwa nguvu ulikuwa Liège. Kile kiwanda chenye kilifanya sikukuu kikaangukia mikononi mwa adui. Wale mafundi wenye waliita Browning Maître wakabaki bila kazi ao wakakimbia.

Na ile vita ilifika mupaka kwetu. Askari wa Kongo walipelekwa mupaka Tabora, na wabeba-mizigo walikufa njiani wasihesabiwe vizuri. Shaba ya Katanga nayo ilienda Ulaya kufanya maganda ya masasi.

Katika 1917 Marekani nayo ikaingia katika vita, na haikuwa na mitrayezi za kutosha. Browning akaleta yake mbele ya wakubwa wa jeshi. Ikapiga masasi 20.000 bila kukwama hata mara moja, kisha ikaanza 20.000 zingine. Serkali ikamutolea dola 750.000 kwa haki ya silaha zake za ile vita. Kwa hesabu ya kawaida alistahili feza mingi kuliko pale. Akakubali bila kubishana. Mwanawe Val akavaa nguo za jeshi, akaenda Ufaransa na bunduki yenye baba yake alitengeneza.

Meza ya mwisho

Kisha vita alirudi tena na tena Liège. Katika mwaka wa 1926 alikuwa na miaka 71. Roho yake ilikuwa imechoka, lakini alikuwa na kazi mezani: bunduki ya kuwinda yenye mitutu miwili, mumoja juu ya mwingine. Hakuna jeshi lenye liliiomba. Ilikuwa bunduki ya mutu mwenye kutoka asubuhi kufuata ndege, sawa John na Matt na mukebe wao wa makaa.

Tarehe 26 mwezi wa kumi na moja alikuwa ndani ya kiwanda cha Herstal. Akasikia vibaya, wakamulaza katika biro ya Val. Akafia pale, karibu na kelele ya mashini. Mwili wake walivusha bahari mupaka Ogden. Aliacha breveti 128. Val ndiye alimalizia ile bunduki ya mitutu miwili, na Mubelgiji Dieudonné Saive akaendelesha bastola yenye muzee aliacha katikati. Ile bastola ilitoka katika 1935, ikafika katika majeshi mingi ya dunia, na letu pia.

Wandugu wasomaji, katika vijiji vyetu kuko mafundi wenye kutengeneza magobore ya wawindaji. Tunawaona chini ya muti, kipande cha bomba mukononi na tupa ya zamani. Sheria inawaomba ruhusa, na wanaipata mara chache. Kati yao kuko wenye mikono sawa ya Browning, na shule yao ni ile ile, chungu ya vyuma vyenye kuvunjika. Siye hatuwezi kuzarau mutu mwenye kurudishia kitu uzima. Lakini tunajua pia, juu tumezika, ya kwamba gobore la leo ni la kutafuta nyama, na kesho linaweza kuwa kwenye kizuizi barabarani.

Bunduki ya ndege na mitrayezi zilitoka katika mikono moja, kwa tupa moja. Tupa haijui. Asubuhi moja muzee Jonathan alimuuliza mutoto wake kama hawezi kufanya bunduki nzuri zaidi, na yule mutoto alijibu kwa miaka 60, mupaka siku ya kufa. Alijibu vizuri kuliko mutu yeyote. Lakini kuko swali la pili: kitu hiki kikitoka mukononi mwangu, kitaenda kwa nani? Lile, muzee hakuliuliza asubuhi ile, wala hatujasikia mwenye aliliuliza Herstal siku ya sikukuu ya milioni. Watu wa Liège walilijua jibu lake katika mwezi wa nane.

Tuonane wiki yenye inakuja.